Istilahi za Magari ya Mbio: Uhakiki wa Tafsiri ya Historia ya Ferrari

Katika mswada mmoja wa tafsiri ulioletwa mezani kwetu ili tuusome, tulikuta habari ya dereva Mtaliana aitwaye Franco Cortese. Mfasiri anaeleza kwamba tarehe 11 Mei 1947, mjini Piacenza, Cortese aliingia mbioni akiendesha gari la kwanza kabisa kubeba jina la Ferrari, na kwamba hali akiwa mbele ya wenzake wote "alistaafu". Mistari michache baadaye mstaafu huyo huyo anashinda mbio za Roma, tarehe 25 ya mwezi ule ule. Tulijiuliza kama alirudishwa kazini kwa mkataba.

Wasomaji wetu wengi ni watumishi wa umma na walimu, nao wanajua vyema kustaafu ni nini: ni kumaliza muda wa utumishi, kukabidhi ofisi na kungojea kiinua mgongo. Cortese hakungojea kiinua mgongo. Pampu ya petroli ilimharibikia, akaacha mbio. Kiswahili hakina upungufu wowote wa maneno kwa jambo hili: aliacha mbio, alitoka mbioni, gari lilimharibikia njiani. Mfasiri alikutana na neno la Kiingereza lenye maana mbili, akachukua ile aliyoizoea ofisini.

Hatutamtaja mfasiri, wala hatukusudii kumfedhehesha. Kiswahili chake ni kizuri. Upatanisho wa ngeli haumponyoki isipokuwa mahali pamoja tutakapopaeleza, na sentensi zake zina pumzi. Kosa lake ni la wengi wetu tunaofanya kazi hii: alitafuta maneno kabla ya kuijua kazi yenyewe. Isitoshe, kitabu alichokitafsiri kilikwisha kupita mlango wa kwanza, kwani mambo ya Italia yalikuwa yameandikwa kwa Kiingereza, kisha yakapita mlango wa pili kuingia kwetu. Kila mlango uliacha alama yake.

Tumeona vyema kuuhakiki mswada huu kwa urefu kwa sababu istilahi za motokaa hazijapata kushughulikiwa ipasavyo. Mafundi wana maneno yao, watangazaji wa redio wana yao, na waandishi wa ofisini huunda mengine pasipo kuwauliza wawili hao. Tena historia ya Ferrari ni kipimo kigumu cha istilahi hizo, maana kisa chake chote kimesimama juu ya tofauti ambazo mfasiri amezifuta.

Na tuanze na tofauti ya kwanza. Enzo Ferrari alizaliwa Modena mwaka 1898. Mwaka 1920 alijiunga na Alfa Romeo akiwa dereva wa mbio, na tarehe 16 Novemba 1929 alianzisha mjini kwao chama kilichoitwa Scuderia Ferrari. Mfasiri wetu anaandika, "Kiwanda cha Ferrari kilianzishwa mwaka 1929." Baadaye kidogo anabadili na kukiita "zizi la Ferrari", kwa kuwa kamusi ilimweleza kwamba scuderia ni mahali pa kuweka farasi.

Sasa, zizi kwetu ni la ng'ombe, mbuzi na kondoo. Farasi hulala bandani. Lakini hata "banda la Ferrari" lisingetufaa. Kwa Wataliana neno hilo lilianza kwa farasi, likahamia kwa watu wanaowatunza na kuwapeleka mashindanoni, mwisho likahamia kwenye magari. Sisi hatukuifuata njia hiyo, kwa hiyo neno la banda halitubebei chochote ila harufu ya samadi. Scuderia ya mwaka 1929 haikuwa kiwanda wala banda. Ilikuwa kikosi: iliyatengeneza magari ya Alfa Romeo, ikayaweka tayari, ikayapeleka mbioni pamoja na madereva, ambao wengi wao walikuwa matajiri waliopenda mbio. Tunapendekeza "kikosi cha mbio". Wako watakaosema "timu" yatosha. Timu ni ya watu wanaocheza pamoja dhidi ya wengine, ilhali katika kikosi cha mbio madereva wawili huvaa rangi moja na bado kila mmoja humwania mwenziwe. Anayetaka kuandika timu hatutamgombeza, ila asiandike kiwanda.

Wala hili si suala la kuchagua maneno mazuri tu. Mwaka 1935 Tazio Nuvolari aliwashinda Wajerumani kwao, katika uwanja wa Nürburgring, mbele ya magari ya Mercedes-Benz na Auto Union yaliyokuwa na nguvu kubwa zaidi. Msomaji aliyekwisha kuambiwa kwamba kiwanda cha Ferrari kilikuwapo tangu 1929 ataamini kwamba gari lililoshinda siku ile lilikuwa Ferrari. Lilikuwa Alfa Romeo, lililopelekwa na kikosi cha Ferrari. Neno moja limehamisha ushindi kutoka kampuni moja hadi nyingine.

Ferrari aliachana na Alfa Romeo mwaka 1939, na mapatano ya kuachana yalimzuia kulitumia jina lake mwenyewe katika mbio kwa muda wa miaka minne. Alianzisha kampuni aliyoiita Auto Avio Costruzioni, na kwa mbio za Mille Miglia za mwaka 1940 kampuni hiyo ilitoa magari mawili yaliyojulikana kwa namba tu, 815, bila ya jina lake. Mfasiri ameiita "Kampuni ya Ujenzi wa Magari na Ndege". Hapa twapenda kuwakumbusha wasomaji jambo ambalo watu wa mwambao hawahitaji kukumbushwa. Nyumba hujengwa, chombo huundwa. Fundi wa jahazi hajengi jahazi, huliunda, na mahali anapofanyia kazi ni mahali pa kuundia. Gari ni chombo. Kwa nini basi tuazime lugha ya waashi kuzungumzia kazi ya wahunzi na maseremala? "Waundaji wa magari" ni neno lililokuwapo tayari, nalo linatuondolea pia utata mwingine katika mswada huu, ambamo mtu anayechora gari, anayeliunda na anayelitengeneza likiharibika wote wameitwa "mtengenezaji". Katika historia ya Ferrari watu hao walikuwa mbalimbali kabisa. Injini ya kwanza, ya silinda 12, ilibuniwa na Gioachino Colombo. Mabodi yalitoka kwa mafundi wa nje, na kuanzia mwaka 1952 mengi yao yalichorwa na nyumba ya Pinin Farina. (Neno "bodi" la gereji ni zuri, lakini mfasiri ajihadhari nalo. Tulipoisoma sentensi yake isemayo "Bodi ya Ferrari ilibadilishwa mwaka huo", tulidhani wakurugenzi wamefukuzwa.)

Tumefika sasa mahali palipotukera kuliko pote, nalo ni neno "gari la michezo".

Neno hili limeenea, na tunajua kwamba baadhi ya wasomaji watatuambia limekwisha kuzoeleka. Sisi twaona limezoeleka kwa kuandikwa. Wanaolisema ni wachache. Hebu tulipime kwa kanuni ya lugha yenyewe. Gari la wagonjwa huchukua wagonjwa. Gari la taka huchukua taka. Gari la maiti halihitaji maelezo, na gari la zimamoto hutumikia idara ya zimamoto. Katika majina ya namna hii, nomino inayofuata kihusishi hutaja kinachochukuliwa au kinachotumikiwa. Kwa mantiki hiyo, gari la michezo ni lile linalowapeleka wachezaji uwanjani pamoja na mipira, nyavu na ndoo ya maji. Shule nyingi zina haja nalo, na siku litakapopatikana halitakuwa Ferrari. Mtoto naye akisikia "gari la michezo" ataliwazia gari la kuchezea, la bati au la plastiki.

Ubaya wa neno hili huonekana zaidi pale kisa kinapofikia kiini chake. Waundaji wengi wa magari walianza kwa kuuza, kisha wakaingia mbioni ili wajitangaze na wauze zaidi. Ferrari alianza mbioni. Magari ya barabarani aliyauza kwa matajiri ili apate fedha za kuyapeleka mengine mashindanoni, na hakuficha kwamba roho yake ilikuwa kwa hayo ya mashindano. Kisa chake ni hicho. Mfasiri amekiandika hivi: "Ferrari aliuza magari ya michezo ili apate fedha za michezo ya magari." Tuliisoma mara tatu. Msomaji asiyejua habari hizi atafikiri ni kitendawili, na anayezijua atasikitika kwamba jambo lililo zito kuliko yote katika kitabu limegeuzwa mchezo wa maneno.

Tufanyeje? Tunahitaji maneno manne, na karibu yote tunayo.

La kwanza ni "gari la mbio", kwa gari lolote lililoundwa ili kushindana. Tunalo mfano katika farasi wa mbio na baiskeli ya mbio; hakuna atakayepotea. La pili ni "langalanga". Watangazaji wa michezo wa Kenya na Tanzania wamelitumia neno hili kwa magari yale ya kiti kimoja yenye magurudumu yaliyo nje ya bodi, na mpenzi wa mbio akilisikia redioni huelewa papo hapo. Mfasiri wetu ameliacha, akaandika "magari ya fomula", kana kwamba ni somo la hisabati. Katika historia ya Ferrari neno hili lahitajika sana: Alberto Ascari alikuwa bingwa wa dunia wa langalanga katika miaka ya 1952 na 1953, wakati ambapo kikosi hicho hicho kilikuwa kikishindana kwa magari ya namna nyingine kabisa katika barabara za Italia.

La tatu ni la gari aendalo nalo mtu barabarani, lenye viti viwili, jepesi, lenye kasi na asili ya mbio. Hili ndilo lililoitwa "la michezo". Wako waliopendekeza "gari la mwendokasi". Neno lenyewe ni tamu, na chimbuko lake lafaa lichunguzwe siku nyingine: huduma ya mabasi ya Dar es Salaam iliyoanza mwaka 2016 ilipewa rasmi jina la Mabasi Yaendayo Haraka, watu wakayaita mwendokasi, na jina la watu ndilo lililoshika. Lakini kwa sababu hiyo hiyo halitufai hapa, maana msomaji wa Dar es Salaam ukimwambia mwendokasi mawazo yake yatakwenda Kimara. "Gari la kasi" nalo ni pana mno. Sisi tunaelekea kulikubali neno ambalo tumelisikia kwa mafundi na kwa vijana, yaani "gari la spoti". Tunajua kwamba baadhi ya wenzetu watanung'unika, na kuuliza kwa nini tuchukue spoti ilhali michezo ipo. Jibu letu ni kwamba michezo ipo kwa kazi nyingine. Spoti hapa si michezo. Ni jina la aina ya gari. Gari lenyewe tulilichukua kwa Wahindi, motokaa kwa Waingereza, na farasi, ambaye kwa nguvu zake twapimia injini, kwa Waarabu. Sioni haya — au tuseme, hatuoni haya — kuongeza moja.

La nne lilimpa mfasiri taabu zaidi. Wataliana wana magari waliyoyaita gran turismo, nayo mfasiri ameyaita "magari ya utalii mkubwa". Utalii kwetu ni mbuga, hoteli na picha za simba. Mwenye gran turismo hakwenda kutazama simba. Alitaka atoke mji mmoja hadi mwingine, safari ya siku nzima, kwa kasi na bila kuchoka, akiwa na begi lake nyuma ya kiti. Tungependa kulitumia neno "safari", hasa kwa kuwa Mashindano ya Safari ya Afrika Mashariki, yaliyoanza mwaka 1953, yalikwisha kulipeleka katika msamiati wa mbio za magari duniani kote. Lakini gari la safari huku kwetu limekwisha kupata kazi: ni lile lenye paa la kufunuka. Twapendekeza basi "gari la masafa". Wanariadha wanasema mbio za masafa marefu, na maana ya kwenda mbali bila kukata pumzi imo ndani yake.

Kwa maneno haya manne sentensi iliyotutoa jasho inakuwa hivi: "Ferrari aliuza magari ya spoti na ya masafa ili apate fedha za mbio." Haina fahari yoyote, nayo yaeleweka.

Kuhusu mbio za Le Mans za saa 24 hatuoni haja ya kubuni istilahi, kwa kuwa saa 24 ni saa 24. Mfasiri ameziita "mbio za uvumilivu", na katika habari ya mwaka 1949 neno hilo linampendeza msomaji, kwani Luigi Chinetti aliendesha Ferrari 166 MM kwa zaidi ya saa 22 kati ya hizo 24, mwenzake Lord Selsdon akishika usukani kwa muda mfupi tu, wakashinda. Huo kweli ulikuwa uvumilivu. Hata hivyo ni sifa ya Chinetti, wala si jina la mbio.

Namba za magari haya zilimpotosha mfasiri kwa namna nyingine. Anasema Ferrari 250 iliitwa hivyo "kwa sababu ya mwendo wake wa kilomita 250 kwa saa". Kitabu cha asili hakikusema hivyo. Ni nyongeza yake mwenyewe. Kwa muda mrefu Ferrari ilihesabu kwa ujazo wa silinda moja. Gari la Cortese liliitwa 125 S kwa kuwa kila silinda ilikuwa na ujazo wa karibu sentimita 125 za mraba — hivyo ndivyo alivyoandika mfasiri, "za mraba" — lakini mraba hupima uso, na ujazo hupimwa kwa sentimita za ujazo. Mwalimu yeyote wa darasa la saba angempigia mstari mwekundu. Zidisha kwa silinda 12, unapata lita moja na nusu. Gari la 250 kwa hesabu hiyo hiyo lina lita 3. Baadaye hesabu ilibadilika: Dino 246 ni lita 2.4 na silinda 6, nayo 308 ni lita 3 na silinda 8. Anayetafsiri sharti ajue ni hesabu ipi inatumika, ama sivyo aiache namba bila maelezo. Kunyamaza hakujawahi kumharibia mfasiri jina.

Katika Dino, lakini, tumsifu. Enzo Ferrari alifiwa na mwanawe Alfredo, aliyeitwa Dino nyumbani, mwaka 1956, na jina hilo likapewa injini na magari ya silinda 6, ambayo yale ya barabarani hayakubandikwa jina la Ferrari. Mfasiri ameandika "jina la marehemu mwanawe", akaishia hapo. Hakuongeza kilio wala taarabu. Laiti angejizuia hivyo alipofika kwenye Testa Rossa! Maana yake ni kichwa chekundu, na mfasiri akaona aeleze kwamba "madereva walivaa kofia nyekundu". Kichwa kilichokusudiwa ni cha injini, kile ambacho mafundi wetu hukiita silinda hedi: vifuniko vyake vya juu vilipakwa rangi nyekundu. Fundi yeyote wa gereji angemweleza hivyo kwa bei ya kikombe cha chai. Kadhalika "spider" si buibui. Ni jina la gari lisilo na paa, lililorithiwa kutoka magari mepesi ya kukokotwa na farasi, nalo lafaa liachwe lilivyo.

Tuje kwenye neno ambalo katika historia hii lilikuwa na nguvu ya sheria. Herufi tatu GTO husimama badala ya Gran Turismo Omologato. Kwa neno hilo la mwisho mfasiri ameandika "iliyolinganishwa". Msomaji atauliza: ililinganishwa na nini?

Mambo yalikuwa hivi. Shirikisho la Kimataifa la Magari, ambalo makao yake yako Paris, liliweka kanuni kwamba gari haliwezi kushindana katika daraja la magari ya masafa mpaka idadi maalumu iwe imekwisha kuundwa, nayo katika miaka ile ilikuwa magari 100. Nia ilikuwa kuzuia mtu asiunde gari la mbio moja au mawili na kudai kwamba ni la kwenda nalo sokoni. Gari likitimiza sharti, Shirikisho hulitambua kwa hati. Kutambuliwa huko ndiko kulikotajwa katika herufi ya tatu. Sasa, magari ya 250 GTO yaliyoundwa tangu 1962 hadi 1964 hayakufika hata arobaini. Yalikubaliwa kwa hoja kwamba si gari jipya, bali ni mwendelezo wa gari la masafa lililotangulia, ambalo lilikwisha kutambuliwa. Kwa gari lililofuata, 250 LM, hoja hiyo haikupita, kwa kuwa injini ilikuwa imehamishwa nyuma ya dereva na kila mtu aliona kwamba ni gari jingine. Yaliundwa 32 tu. Shirikisho likakataa. Enzo Ferrari akakasirika, akaigombeza mamlaka ya mbio ya nchi yake kwa kutomtetea, akairudisha leseni yake. Hivyo katika mbio mbili za mwisho za langalanga za mwaka 1964, huko Marekani na Mexico, magari yake hayakuwa mekundu bali ya buluu na nyeupe, chini ya jina la kikosi cha Chinetti cha Marekani. Na ni katika rangi hizo ndipo John Surtees alipoupata ubingwa wa dunia.

Yote hayo yalitokana na neno ambalo mfasiri ameligeuza kuwa ulinganisho. Kiswahili cha ofisini kinalo neno lake. Vyuo na shule hupewa ithibati baada ya kutimiza masharti. Gari nalo lipewe ithibati. "Gari la masafa lenye ithibati" ni tafsiri kamili ya herufi zile tatu, na mtumishi wa serikali akiisoma ataelewa mara moja kwa nini watu waligombana, maana ugomvi wa namna hiyo ameuona.

Habari hiyo ya mwaka 1964 inatupeleka kwenye ngeli, mahali pale pamoja tulipopataja mwanzoni. Ferrari ni mtu, ni kampuni, na ni gari. Kiingereza na Kiitaliano huyatamka yote matatu kwa jina moja na kumwachia msomaji kazi ya kubahatisha. Kiswahili kimejaliwa kutenganisha kwa silabi moja: Ferrari alirudisha leseni, Ferrari ilinyimwa ithibati, Ferrari lilipakwa buluu. Mfasiri ameiacha neema hii, akaandika "Ferrari ali-" tangu mwanzo hadi mwisho. Matokeo yake tunasoma kwamba mwaka 1969 "Fiat ilimnunua Ferrari kwa nusu". Kampuni ya Fiat ilinunua nusu ya hisa; mzee mwenyewe hakuuzwa, aliendelea kuongoza kikosi cha mbio, akafariki tarehe 14 Agosti 1988. Na alipokwisha kufa, mswada unasema kwamba Ferrari "aliendelea kushinda".

Tumebakiza jambo moja, nalo halina mzaha. Tarehe 12 Mei 1957, katika mbio za Mille Miglia, zilizokuwa zikikimbiwa maili elfu moja katika barabara za kawaida za Italia kupita mijini na vijijini, tairi la Ferrari la Mhispania Alfonso de Portago lilipasuka karibu na kijiji cha Guidizzolo. Gari liliruka likawaangukia waliosimama kando ya barabara. Walikufa de Portago, mwenzake Mmarekani Edmund Nelson, na watazamaji tisa, watano kati yao wakiwa watoto. Mbio hizo za kasi hazikufanywa tena. Enzo Ferrari alishtakiwa, na kesi haikwisha ila mwaka 1961, alipoachiwa huru.

Mfasiri anaiita ajali hiyo "ajali ya kimichezo", na katika aya inayofuata anasema Ferrari "alishtakiwa kwa mauaji". Kwa neno la kwanza vifo vya watu kumi na mmoja vimefanywa kama mchezaji aliyeteguka mguu. Kwa la pili mtu amefanywa mwuaji. Makarani wa mahakama watatuunga mkono kwamba baina ya mauaji na kuua bila kukusudia kuna umbali wa maisha ya mtu, na kwamba shtaka la Ferrari lilikuwa hili la pili. Twakubali kwamba mfasiri wa kitabu cha magari hakujiandaa kukutana na sheria ya jinai. Lakini watoto wale wa Guidizzolo wana haki ya kuandikwa sawasawa, na mshtakiwa aliyeachiwa huru ana haki hiyo hiyo. Tumemwomba aandike "ajali" pasipo sifa yoyote, na "kuua bila kukusudia".

Maneno tuliyoyataja hapa ni mapendekezo tu, wala hayajasanifishwa. Mafundi na watangazaji walio na bora zaidi watuletee. Hasa tungependa kupata neno la mahali pale kando ya uwanja ambapo gari husimama kubadilishwa matairi wakati mbio zikiendelea. Mfasiri ameandika "shimo", na katika sentensi moja madereva watatu wanaingia shimoni na kutoka wakiwa na nguvu mpya.

Mswada tumeurudisha. Kwa kuwa kitabu cha asili ni cha zamani, tumemshauri mfasiri aongeze maelezo mafupi kwamba Ferrari ilirudi kushinda Le Mans mwaka 2023, ikashinda tena 2024 na 2025, kwa gari liitwalo 499P, ambalo kwalo kampuni imeirudia hesabu yake ya kale ya ujazo wa silinda moja. Tumemwandikia pembeni, kwa kalamu nyekundu, kwamba hizo si kilomita kwa saa.